Kabla ya kubeba pompe, piga foto



Musimu uliopita tulifanya kosa, na tunataka kuanza kwa kulisema. Mama mumoja, mwenye shamba la maharagi kwenye vilima vya juu ya Ziwa Kivu, alituita mbio. Majani ya maharagi yake yalikuwa yamekunjamana. Mashina yalijaa vidudu vidogo vyeusi, vile tunaviita pusero. Katikati yao vilikuwa vinatembea vidudu vingine, virefu kidogo, vyeusi vyenye madoa ya rangi ya machungwa, vibaya kwa kuangalia, kama mamba wadogo. Mama alituambia: «Hawa mamba ndio wanamaliza shamba langu.» Sisi tulisimama pembeni ya njia, tukaangalia kwa mbali, tukajibu: ndiyo mama, pulizia dawa. Akatoa makuta aliyokuwa ameweka kwa ajili ya minervale ya mutoto, akanunua dawa, akakodi pompe.

Kisha siku chache mamba wote walikuwa wamekufa. Pusero zilipungua, halafu zikarudi, na mara hii nyingi kuliko mwanzo.

Kumbe mutoto wa yule mama alikuwa amepiga foto mbele ya kupulizia, na telefone ya kaka yake. Tulipoikuza ile foto kwenye kioo, tuliona kitu ambacho hatukukiona tukiwa tumesimama pale njiani: mamba alikuwa ameshika pusero mudomoni, anaila. Alikuwa mutoto wa koksineli, kile kidudu cha muviringo, chekundu, chenye madoa meusi, ambacho watoto wetu wanakichezea. Mama aliua askari wake mwenyewe, kwa shauri letu sisi, na makuta ya masomo yakaenda.

Ndiyo sababu ya makala hii. Tunataka kueleza namna ya kupiga foto ya kidudu kwa karibu sana, na telefone ya kawaida, ili tujue ni nani tuko naye shambani mbele ya kutoa makuta.

FOTO YA KARIBU NI NINI?

Wapiga picha wa kazi wanaiita makro. Ni foto ambayo kitu kidogo kinajaza picha, mpaka unaona miguu, manyoya, macho na alama za mwili. Kwetu sisi wakulima maana yake ni rahisi: foto ni nzuri kama mutu ambaye hakufika shambani anaweza kuhesabu miguu ya kidudu na kuona alama za kichwa chake.

Kwa kazi hii haiombi kuwa mutu wa chuo kikuu. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, kule Delft, Uholanzi, kulikuwa na mutu jina lake Antoni van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632. Alikuwa mufanyabiashara wa vitambaa. Wenye kuuza vitambaa walikuwa wanatumia lupe kwa kuangalia kama nyuzi ni nzuri. Yeye akajitengenezea lenzi zake mwenyewe, ndogo sana, akaanza kuangalia maji ya ziwa, macho ya vidudu, hata uchafu wa meno yake. Aliona viumbe ambavyo hakuna mutu alikuwa amevijua. Chombo chake kilikuwa na lenzi moja tu. Tunalisema hili ili mutu asifikiri kwamba bila mashine ya bei kubwa hatuwezi kuona.

JUU YA NINI MACHO PEKE YAKE HAYATOSHI

Tuchukue mifano mitatu, kwa mimea ambayo karibu kila kooperative yetu iko nayo.

Wa kwanza ni mahindi. Kiwavi kilichotoka Amerika, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa shenie lejionere, kilionekana mara ya kwanza Afrika mwaka 1 tu unaokumbukwa na wengi: 2016, upande wa magharibi. Hakikukawia kufika kwetu Congo. Leo kila kiwavi tunachokikuta ndani ya mahindi tunakipa jina hilo, lakini si kila kiwavi ni yeye. Kuna kile cha zamani kinachotoboa shina na kuishi ndani yake. Dawa unayopulizia juu ya majani haikifikii kikiisha kuingia. Ukikosea jina, unakosea pia kazi ya kufanya.

Foto ya karibu inaonyesha alama mbili. Kwenye kichwa cha lejionere kuna alama ya rangi nyeupe-nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa, miguu ikiangalia juu, yaani mukia wa Y unapanda kati ya macho kuelekea mwilini. Y peke yake haitoshi, sababu viwavi vingine vya jamaa yake vinayo pia. Angalia sasa karibu na mukia: kuna madoa meusi 4 yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Y pamoja na ile meza ya madoa 4, basi ni yeye. Kiwavi kikiwa kidogo bado, alama hazionekani vizuri. Tafuta kile kikubwa zaidi katika shamba lile lile.

Foto inasaidia pia kwa mayai. Lejionere anataga mayai kwa fungu, mara nyingi 100 mpaka 200, na kulifunika na kitu kama pamba chafu. Kwa mbali utafikiri ni vumbi au ukungu. Ukijua sura yake, unaliponda na vidole, na viwavi zaidi ya 100 vimekwisha bila hata franka moja.

Wa pili ni kahawa. Wanamemba wa kooperative za kahawa wanajua uchungu wa kusikia kwamba kahawa yao iko na ladha ya kiazi. Muonjaji anaonja kikombe, anasikia harufu ya kiazi kibichi, bei inashuka. Punje moja tu mbaya inatosha kuharibu kikombe kizima, na ukiisha kukaanga huwezi kuitambua kwa macho. Ladha hiyo, inayojulikana sana katika inchi zetu za Maziwa Makubwa, inaambatana na kidudu kinachoitwa antestia. Ni wa jamaa ya kunguni: ana mudomo kama sindano, anatoboa tunda la kahawa na kunyonya. Urefu wake ni karibu milimetre 7, mwili kama ngao, rangi ya kahawia nzito au nyeusi pamoja na machungwa na nyeupe. Mayai yake unayakuta chini ya jani, mara nyingi karibu 12 kwa fungu, yamepangwa vizuri.

Shida ni kwamba kwenye muti wa kahawa kuna vidudu vingine vya sura ya ngao, na vingine vyenye mudomo wa sindano ambavyo havinyonyi kahawa: vinawinda vidudu vyenzao. Ukiangalia haraka, wote ni «kunguni za kahawa». Katika foto ya karibu, rangi na umbo vinatenganisha.

Wa tatu ni hawa koksineli wenyewe. Baada ya kosa letu, wengi walianza kusema: basi koksineli wote ni rafiki, tuwaache. Hapana, ni vile vile hatari. Kuna koksineli wanaokula majani, hasa ya maboga na ya viazi. Wanaacha jani kama chandarua. Tofauti iko kwenye ngozi. Koksineli rafiki, yule anayekula pusero, mugongo wake unang'aa kama uliopakwa mafuta. Yule mula majani ana manyoya mafupi sana, na mugongo wake haung'ai. Watoto wao pia wanatofautiana: wa rafiki ni mweusi na murefu, kama yule mamba wa maharagi, wa mula majani ni wa rangi ya manjano, na amejaa miiba yenye matawi. Manyoya mafupi kama hayo, ni nani atayaona akiwa amesimama? Lakini foto nzuri inayaonyesha.

VYOMBO: TUANZE NA TULIVYO NAVYO

Kitu cha kwanza ni telefone yenye kamera. Haiombi kuwa mupya. Kwa kooperative nyingi telefone moja kwa kila kikundi inatosha, ikishikwa na mutu anayependa kazi hiyo. Mara nyingi ni kijana.

Kitu cha pili ni kitambaa safi na laini. Usicheke. Kazi ya shamba, mafuta ya mikono, unga wa mufukoni, vyote vinakaa kwenye jicho la kamera. Foto nyingi tunazopokea zina ukungu juu ya uchafu tu. Pangusa kwanza.

Kitu cha tatu ni lenzi ya kuongeza. Kamera ya telefone, ukiikaribisha sana, haioni tena vizuri. Nyingi zinaanza kushindwa zikifika kama santimetre 7 au 10 mbele ya kitu. Lenzi ndogo ikiwekwa mbele ya jicho la kamera, unaweza kukaribia mpaka santimetre 2 au 3, na kidudu kinakuwa kikubwa. Ziko njia tatu:

1. Lupe ya kawaida, ile ya wazee kusomea au ya mafundi wa saa. Ibandike karibu kabisa na jicho la kamera, uishike na vidole viwili.

2. Lenzi ndogo ya plastiki unayoitoa kwenye mashine ya DVD iliyoharibika. Fundi wa redio wa sokoni ataitoa. Mashine iwe imekatwa umeme kabisa. Ifunge juu ya jicho la kamera na skoche, bila gundi kugusa kioo.

3. Lenzi yenye kibanio, inayouzwa kwa ajili ya telefone. Ni nzuri zaidi kwa kazi, lakini jaribuni kwanza zile mbili za juu.

Telefone zingine za sasa zina kamera ya makro ndani yake. Mukiona alama ya ua kidogo kwenye kioo cha kamera, bonyezeni pale.

Kitu cha nne ni kartasi nyeupe. Inatumika kurudisha mwanga, kuwa musingi wa foto, na kuandikia. Ongezeni kijiti na kamba kidogo kwa kufunga shina siku ya upepo, na chupa moja ya kioo iliyo safi.

NAMNA YA KUPIGA

Nenda asubuhi mapema. Vidudu havina moto wa mwili wao wenyewe kama sisi. Vinangoja jua livipashe. Asubuhi, umande ukiwa bado, vinakaa kama vimelala, na unaweza kufika karibu. Saa sita mchana vinakimbia na vinaruka, tena jua linaleta kivuli kikali na weupe unaoficha alama. Kwa kiwavi cha mahindi iko sababu nyingine: wakati wa jua kali kinashuka ndani ya kikonyo, katikati ya majani machanga, huwezi kukiona bila kufungua majani.

Karibia polepole na chini. Usisimame juu ya kidudu, kivuli chako kikipita juu yake kitakimbia. Piga magoti. Weka viwiko juu ya magoti au juu ya udongo, ili mikono isitetemeke. Kwa foto ya karibu, kutetemeka kidogo tu kunaharibu yote. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza.

Usikuze na vidole. Watu wengi wanatanua kioo na vidole viwili mbele ya kupiga. Kwa telefone nyingi hiyo haileti kidudu karibu; inakata tu picha na kuifanya mbaya. Piga kwanza, kisha utakata pembeni ukiwa nyumbani.

Gusa kidudu kwenye kioo, ili kamera ijue ni wapi iangalie. Ukitumia lenzi ya kuongeza, kamera peke yake inashindwa mara nyingi. Wakati huo, wewe ndiye unasogea: mbele kidogo, nyuma kidogo, polepole, mpaka unaona kichwa wazi. Sehemu inayoonekana wazi katika foto ya karibu ni nyembamba sana, pengine milimetre moja au mbili. Kichwa kikiwa wazi, mukia unaweza kuwa na ukungu. Kwa hiyo shika telefone sambamba na mwili wa kidudu, kama ubao juu ya meza, ili mwili mzima uingie.

Piga nyingi. Kwa kidudu kimoja, piga 15 au 20. Ukipata 3 nzuri, umefanya kazi. Zingine ufute jioni, telefone isijae.

Kama mwanga ni mudogo, usikimbilie flashi. Inaleta weupe juu ya ngozi ya kidudu, na lenzi yako ya skoche inaweza kuleta kivuli chake. Weka kartasi nyeupe upande wa pili, irudishe mwanga wa mbingu. Au mwenzako amulike na torshi iliyofunikwa na plastiki nyeupe nyembamba.

Kidudu kikikataa kutulia, kiweke ndani ya chupa pamoja na kipande cha jani lake, mahali penye kivuli, kisha ujaribu tena kikiisha kutulia. Kwa lejionere, weka kimoja kimoja. Ukiweka viwili vikubwa pamoja utakuta kimoja tu: vinakulana.

FOTO TANO ZA KUSAIDIA AGRONOME

Foto nzuri ya kidudu peke yake inapendeza, lakini haitoshi kwa kutoa shauri. Tunawaomba foto tano:

1. Shamba zima, ili tuone kama ni pembe moja au ni kila fasi.

2. Muti mumoja mugonjwa, kutoka chini mpaka juu.

3. Jeraha lenyewe kwa karibu: jani, tunda, au shina lililopasuliwa. Onyesha na mavi ya kidudu, kama yapo. Lejionere, kwa mufano, anaacha mavi kama unga wa mbao katikati ya majani machanga.

4. Kidudu kutoka juu, mwili mzima.

5. Kichwa au mukia kwa karibu kabisa, na ikiwezekana, upande wa chini wa jani.

Katika foto moja, weka kipimo pembeni: njiti ya kibiriti, punje ya haragi, au rula ya mutoto wa shule. Bila kipimo hatujui kama kiwavi chako ni cha santimetre 1 au 4, na hapo ndipo shauri linabadilika. Kiwavi kidogo kinaweza kushindwa kwa njia rahisi. Kikubwa kimekwisha kujificha na kula sehemu kubwa.

Kisha andika kwenye kartasi, na kuipiga foto pia: tarehe, mumea gani, umepandwa lini, na hesabu. Hesabu inafanywa hivi: tembea shambani kama unaandika herufi W kubwa, simama mara 5, na kila mara angalia mimea 10. Jumla ni 50. Ukikuta 6 yenye kiwavi, ni 12 kwa 100. Foto inasema «ni nani», hesabu inasema «ni wangapi». Mutu akikuambia upulizie bila kuuliza maswali hayo mawili, hata akiwa ni sisi, mukatalie kwanza.

KUTUMA BILA KUHARIBU

Foto nyingi zinafika kwetu kwa WhatsApp zikiwa zimeharibika njiani. Programu inazipunguza ili zisile mega nyingi, na zile alama ndogo zinapotea. Kama muko na mega za kutosha, tumeni foto mbili zilizo muhimu zaidi kama dokima, si kama picha ya kawaida. Zingine zitume kawaida. Fasi hakuna rezo, zihifadhi, na mutu anayepanda sokoni azitume kutoka kule. Foto haiozi.

Iko pia programu inaitwa Nuru, jina la Kiswahili chetu. Ilitengenezwa na PlantVillage, kikundi cha Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na FAO na watafiti wa IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo au la mahindi, na inasema kama inaona dalili za ugonjwa wa muhogo au za lejionere. Ikiisha kuingia kwenye telefone, inafanya kazi hata bila intaneti. Lakini haijui kila kidudu, na jibu lake ni la kusaidia, si la kuamua peke yake. Linganisheni na macho yenu na agronome wenu.

BAADA YA KUJUA, TUFANYE NINI?

Foto haiui kidudu. Inatuonyesha njia ya kufuata.

Kama ni lejionere na bado ni mayai au viwavi vidogo, pitia shamba angalau mara moja kwa juma, ponda mayai, toa viwavi na mikono. Wakulima wengi wanatia majivu au udongo mukavu katikati ya majani machanga. Ukikuta karibu na kiwavi vifuko vidogo vyeupe kama punje za muchele, usiponde! Hivyo ni vya nyigu wadogo wanaokua kwa kula kiwavi. Waache watoke, watatafuta viwavi vingine. Acha pia kile kidudu chenye makasi nyuma. Kinakula mayai na viwavi vidogo vya lejionere.

Kama ni antestia, kazi ya kwanza ni kukata matawi ili mwanga na hewa viingie, sababu yeye anapenda muti uliofungamana. Vuna matunda yote, usiache yale ya mwisho yakauke mutini. Halafu hesabu kwa miti kadhaa na uulize kooperative yako mbele ya dawa yoyote.

Kama ni pusero na foto inaonyesha koksineli na watoto wake, ngoja siku chache, ukiangalia kila siku. Mutoto mumoja wa koksineli anaweza kula pusero mamia mbele ya kukomaa. Kwenye mashina yaliyojaa sana, ponda na vidole, au kata ncha ya tawi.

Na kama kweli dawa inahitajika, basi nunua ile inayohusu kidudu kile, kwa kipimo chake, na uvae nguo za kujikinga. Dawa inayopuliziwa bure inaumiza kwanza yule anayeibeba mugongoni, kisha watoto wanaochuma majani ya mboga kando ya shamba.

TAHADHARI CHACHE

Usiguse kiwavi chenye manyoya mengi. Vingine vinawasha vikali. Muangalie pia kidudu kirefu chembamba, chenye mwili wa rangi ya machungwa na nyeusi kwa kupokezana, kinachopenda mwanga wa taa usiku. Ukikiponda juu ya ngozi, maji yake yanachoma kama moto. Kipige foto, kisha ukipulize na pumzi kiende.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, hata akiwa jirani. Kuna watu wanafikiri unapiga foto ya shamba juu ya kesi ya mupaka.

Na kwa hali ya usalama tunayoijua wote: foto ni za mimea na vidudu tu. Usipige watu wenye silaha, usipige barriere, na ukikaribia fasi kama hizo telefone ikae mufukoni. Njiani ukiulizwa, onyesha foto za viwavi bila kugombana. Hakuna foto yenye bei ya maisha yako.

MWISHO

Yule mama wa maharagi alipanda tena musimu huu. Pusero zilikuja, kama kawaida, kwenye pembe ya karibu na mugomba. Safari hii hakutuita mbio. Alipiga magoti saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, na lupe ya baba mukwe wake mbele ya telefone, akatuma foto sita. Katika ya nne tulimuona mamba mudogo mweusi, wazi kabisa, na nyuma yake fungu la mayai ya manjano yaliyosimama wima. Tulimujibu: mama, ngoja. Akatujibu: «Nimekwisha kungoja siku mbili. Nilitaka tu muone na ninyi.»

Hakununua dawa. Minervale ilikwenda shuleni.

Tunaomba kila kooperative ichague mutu mumoja, kijana ao muzee, mwanamuke ao mwanaume, awe mupiga foto wa vidudu. Wekeni foto nzuri pamoja, na jina la kidudu kwa Kiswahili na kwa luga ya kijiji, ili hata asiyesoma atambue. Zile mutakazotuma kwa agronome wenu zitatusaidia kutayarisha kartasi ya picha kwa kila mumea, rafiki upande huu, adui upande ule, ya kubandika kwenye mulango wa depo, pale pale pompe inapowekwa.